Asili ya neno haitafutwi kwa sikio: Funzo kutoka kwa salamu ya wawindaji wa Kijerumani

MWEZI uliopita nililetewa mswada niupitie kabla haujapelekwa kwa mchapishaji. Ulikuwa tafsiri ya hadithi fupi za Kijerumani, kazi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Kiswahili chake ni cha kuvutia na nilikuwa nikiusoma kwa raha zangu, hadi nilipofika ukurasa mmoja ulionilazimu kuchukua kalamu nyekundu.

Katika ukurasa huo, mwindaji amemwangusha kulungu. Mwenzake anavunja kijitawi cha mti, anakigusisha kwenye jeraha la mnyama, anakiweka juu ya kofia na kumkabidhi mwindaji huku akitamka neno moja tu: Weidmannsheil. Mfasiri aliandika kwamba kijitawi kilichovywa katika "jasho la kulungu", kisha salamu yenyewe akaifasiri hivi: "Amani kwa mtu wa mwerebi!" Chini ya ukurasa aliweka maelezo kuwa Weide kwa Kijerumani ni mwerebi, ule mti uotao kando ya mito ambao wasomaji wa Biblia wanaujua, na kwamba bila shaka mwindaji aliitwa "mtu wa mwerebi" kwa sababu ya kile kijitawi anachopewa.

Hebu nikiri jambo. Maelezo hayo yalipendeza. Kuna mti, kuna tawi, kuna neno linalofanana na jina la mti. Ungedhani kila kitu kimejipanga chenyewe. Lakini si kweli, na nilipiga mstari mwekundu nikaandika pembeni: "Sivyo! Hapa Weid- ni uwindaji. Halihusiani na mwerebi wala na malisho. Na Schweiß si jasho, ni damu."

Siku mbili baadaye alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu mwerebi na jasho nimekubali. Ila hapo uliposema neno hilo halihusiani na malisho, uliangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kule kule ambako yeye aliandika maelezo yake. Yeye alisikia mwerebi akaunganisha, nami nilisikia malisho nikatenganisha. Sote wawili tulikuwa tumetegemea sikio. Ndiyo maana leo nataka tulichambue neno hili taratibu, kwa kuwa kosa tulilolifanya ni kosa linalofanywa kila siku katika uchambuzi wa maneno ya Kiswahili.

Weidmannsheil ni neno ambatano lenye sehemu tatu zenye maana: Weid, Mann na Heil. Ile s iliyo katikati ni kiunganishi tu, na kazi yake inakaribiana na ya kiunganifu "-a" katika "heri ya mwindaji". Katika maneno ambatano ya Kijerumani, sehemu ya mwisho ndiyo inayotawala. Weidmannsheil ni aina ya Heil, na hata jinsia ya neno huamuliwa na Heil. Sisi huanza na kichwa: mwanajeshi ni mwana kwanza, na wingi wake ni wanajeshi. Kwa hiyo anayefasiri kutoka Kijerumani lazima azoee kuanzia mkiani.

Mann ni mwanamume au mtu. Weidmann, basi, ni mwindaji. Fumbo liko katika Weid.

Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, yaani Kijerumani cha kabla ya karne ya 11 hivi, kulikuwa na neno weida. Lilikuwa na maana ya chakula cha mnyama, mahali anapokula, na pia uwindaji na uvuvi. Maana hizo zote zilikaa katika neno moja. Tukitazama lugha ndugu, Kinorse cha Kale kina veiðr, uwindaji au uvuvi, na hadi leo watu wa Iceland husema veiða wakimaanisha kuwinda au kuvua samaki. Kiingereza cha Kale kilikuwa na wāþ, kutangatanga na kuwinda. Huko Lithuania, výti ni kufukuza, kuandama. Wanaisimu huyapeleka maneno haya kwenye mzizi mmoja wa kale sana wenye wazo la kuandama kitu ili kukipata.

Hapo ndipo nilipojikuna kichwa. Mwindaji humwandama mnyama ili apate chakula. Ng'ombe naye huandama majani kwa sababu iyo hiyo. Kwa wasemaji wa kale, hizo hazikuwa shughuli mbili. Zilikuwa shughuli moja ya kutoka kwenda kutafuta riziki. Baadaye, kadiri ufugaji na uwindaji ulivyotengana katika maisha ya watu, neno nalo likagawanyika. Katika Kijerumani cha sasa, Weide linapotumiwa peke yake huwa ni malisho. Maana ya uwindaji imebaki ndani ya maneno ambatano kama Weidmann na Weidwerk, yaani kazi au sanaa ya uwindaji.

Masalia ya maana ya chakula yapo mahali ambapo hungeyatarajia. Matumbo ya mnyama huitwa Eingeweide, na ufafanuzi unaotolewa mara nyingi ni kwamba sehemu hizo zilikuwa chakula wanachotupiwa mbwa wa kuwindia baada ya windo kupasuliwa. Mnyama aliyepigwa risasi tumboni husemwa kuwa weidwund. Nalo jambo linalopendeza kutazamwa huitwa Augenweide, neno kwa neno "malisho ya macho". Sisi tungesema linaburudisha macho, na wao wanayalisha.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kuniuliza. Malisho na uwindaji ni ndugu wa damu katika neno hili. Mstari wangu mwekundu ulikuwa umekata mahali pasipopaswa kukatwa.

Na mwerebi je? Huo ni mgeni kabisa. Jina la mti huo katika Kijerumani cha Kale lilikuwa wīda, lenye irabu ndefu ya i. Ndugu yake yuko katika Kiingereza, withy, jina la aina hiyo ya mti na fito zake zinazopindika. Maneno weida na wīda yaliishi karne nyingi bila kuchanganywa, kwa sababu yalitamkwa tofauti. Kisha, kuelekea mwisho wa Zama za Kati, i ndefu ya Kijerumani ilianza kugeuka na kutamkwa "ai". Min, yaani -angu, likawa mein. Wide likawa Weide. Likamkuta Weide mwingine yupo tayari, na katika Kijerumani sanifu wakafanana kama pacha. Katika baadhi ya lahaja za kusini, hata hivyo, sauti hizo mbili hazijaungana mpaka sasa. Mwanakijiji wa huko hawezi kuchanganya mwerebi na malisho, kwa kuwa kinywani mwake hayajawahi kuwa kitu kimoja.

Kile kijitawi nacho kinakanusha dai la mwerebi. Desturi ya wawindaji wa Kijerumani inataja miti inayofaa kuvunjwa tawi la heshima: mwaloni, msonobari na jamaa zake, pamoja na mti uitwao Erle. Mwerebi haumo katika orodha hiyo. Mfasiri aliona tawi katika hadithi na jina la mti katika kamusi, akaviunganisha bila kuuliza tawi hilo lilitoka mti gani.

Wawindaji wenyewe wanaijua hatari hii ya mapacha. Wengi wao hupenda kuandika Waidmann, kwa ai, ili msomaji asidhani wanazungumzia malisho ya ng'ombe, na kamusi za Kijerumani zinakubali tahajia zote mbili. Kumbe hata huko hakuna usalama, kwa kuwa Waid kwa ai ni jina la mmea uliokuwa ukitumiwa kutia nguo rangi ya buluu! Umemkimbia ng'ombe, ukaangukia kwenye pipa la rangi.

Tuje kwenye Heil. Msomaji wetu wa Kenya akiliona neno hili humkumbuka Hitler na mikono iliyonyoshwa. Ni haki yake kushtuka, maana watu wale waliliteka neno wakalichafua. Lakini Heil ni neno kongwe lenye maana ya uzima, usalama na bahati njema. Jamaa zake ni heilen, kuponya, na heilig, takatifu, na huko Kiingereza ni health na whole. Wavuvi wa Kijerumani hadi leo husalimiana Petri Heil, wakimtaja Mtume Petro aliyekuwa mvuvi. Hivyo Weidmannsheil ni kumtakia mwindaji bahati njema au kumpongeza kwa windo alilopata. Aliyepongezwa hujibu Weidmannsdank, yaani shukrani ya mwindaji.

Na hapa pana mtego mwingine, safari hii wa kwetu. Heil na heri. Yatamke yote mawili: sauti zinakaribiana na maana pia. Mtu anayetafuta asili kwa sikio angeruka kwa furaha na kusema hakika Wajerumani walituachia neno. Lakini heri ni la Kiarabu, khayr, wala halina undugu wowote na Heil. Kufanana kwao ni sadfa, kama watu wawili wanaofanana sura katika matatu na hawajuani.

Sasa turudi nyumbani. Ni mara ngapi tumesoma katika magazeti, vitabu vya shule na hata tasnifu kwamba jina Swahili lilitokana na "siwa hili"? Maelezo hayo yana utamu ule ule wa mwerebi. Kuna siwa, kuna kiashiria hili, upatanisho wa kisarufi umetimia, na Waswahili wameishi visiwani. Tatizo ni kwamba sawahil ni neno la Kiarabu, wingi wa sahil, pwani, na msafiri Ibn Battuta aliyepita katika pwani yetu mwaka 1331 alilitaja kama jina la nchi. Upatanisho wa kisarufi ni ushahidi kwamba sentensi imeundwa vizuri. Hauthibitishi kwamba kuna mtu aliyewahi kuitamka.

Au chukua kitenzi chetu cha kuwinda. Tunalo pia neno uwinda, ile nguo inayofungwa kiunoni na kupitishwa katikati ya mapaja. Kesho mtu anaweza kuamka akadai kuwa kuwinda kulitokana na uwinda, eti kwa sababu mwindaji alijifunga hivyo ili akimbie vyema. Atashangiliwa. Lakini ametuonyesha nini zaidi ya ufanano na hadithi? Vivyo hivyo kuchunga mbuzi na kuchunga unga. Mwenye ubunifu anaweza kusimulia kwamba mchungaji huwatenga mbuzi wake na wa wenzake kama chungio linavyotenga pumba. Ni picha nzuri, na mtunzi wa mashairi aruhusiwe kuitumia. Mwanaetimolojia hana ruhusa hiyo mpaka alete ushahidi.

Sisemi kwamba sikio hukosea daima. Shule lilitokana na Schule la Kijerumani, na hela kutokana na Heller, sarafu ndogo iliyoingizwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1904. Hapo sauti zinafanana na dai ni la kweli. Lakini hatuliamini dai hilo kwa sababu ya sauti pekee. Tunajua Wajerumani walikuwa wapi na lini, walifungua shule za namna gani, na fedha gani ilipita mikononi mwa watu. Zaidi ya hayo, Unguja, ambako Waingereza ndio waliotawala, watu walisema skuli. Historia na ramani zinasimama upande mmoja na sikio.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizingatie. Anayedai asili ya neno ana maswali matatu ya kujibu. Kwanza, neno lilitamkwaje zamani, si leo? Pili, lilitumiwa kwa maana gani katika maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo? Tatu, lugha ndugu na lugha jirani zina nini kinachofanana nalo? Mwerebi uliangushwa na swali la kwanza. "Siwa hili" inaangushwa na la pili. Mimi niliangushwa na la tatu, kwa kuwa ningewauliza watu wa Iceland na Lithuania kabla ya kuandika "halihusiani", kalamu yangu ingetulia.

Wajerumani walijipa subira katika kazi hii. Juzuu ya kwanza ya kamusi kubwa iliyoanzishwa na Jacob na Wilhelm Grimm ilitoka mwaka 1854, na kazi yenyewe ilikamilika mwaka 1961, waanzilishi wakiwa kaburini karibu miaka mia moja. Sisi nasi tuna mahali pa kuanzia. Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, yake huyo Mjerumani aliyeishi Rabai, ina maana za maneno ambazo hatuzisikii tena. Ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 imejaa taarifa za lahaja. Lakini kamusi nyingi tunazowapa wanafunzi wetu hutaja tu lugha neno lilikotoka, tena kwa kifupisho ndani ya mabano. Neno la Kibantu huachwa bila chochote, utadhani halina historia kwa kuwa halikukopwa. Pengo hilo ndilo linalojazwa na wasimulizi wa "siwa hili".

Limebaki jambo la jasho, nalo linanifundisha mpaka wa etimolojia yenyewe. Mwanafunzi wangu hakukosea kamusi: Schweiß ni jasho. Katika Kijerumani cha Zama za Kati neno hilo lilimaanisha jasho na pia damu, na wawindaji wakaihifadhi maana ya damu katika msimbo wao. Kwao sikio la sungura ni Löffel, kijiko. Jicho la kulungu ni Licht, taa. Mkia wa sungura ni Blume, ua. Mbwa anayefuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa huitwa Schweißhund, na ole wake mfasiri atakayetuandikia "mbwa wa jasho". Hapa kujua mzizi hakutoshi. Lazima ujue neno liko kinywani mwa nani na anafanya kazi gani. Sisi pia tunajua hivyo. Saka ni kitenzi cha wawindaji, lakini msako ukitajwa kwenye taarifa ya saa moja jioni hakuna anayefikiria swara. Tunafikiria polisi.

Ndiyo maana tafsiri sisisi ya neno ambatano ni hatari hata pale kila kipande kinapofasiriwa sawasawa. "Uzima wa mtu wa malisho" ingekuwa tafsiri yenye etimolojia nzuri, na hakuna msomaji ambaye angeielewa. Mzizi hutuambia neno lilikotoka. Mfasiri anatakiwa kujua lilikofika.

Nilimpigia simu jioni ile. Nilimwambia alama yangu nyekundu ya mwerebi na ya jasho ibaki, na ile ya malisho niifute kwa mkono wangu mwenyewe. Tulizungumza kwa muda kuhusu ile salamu. Alipendekeza "Heri ya mwindaji!" na jibu lake liwe "Ahsante ya mwindaji". Nikamwambia jibu hilo linagonga meno kidogo, afikirie "Shukrani ya mwindaji".

"Mwalimu," akasema, "lakini si umetufundisha leo kwamba heri na Heil hazina undugu?"

"Hazina," nikamjibu. "Ndiyo maana unaweza kulitumia bila wasiwasi. Umelichagua kwa maana yake."

Mswada umerudi kwake. Yale maelezo ya mwerebi ameyaondoa. Mahali pake ameweka mistari miwili inayosema kwamba neno la Wajerumani la kuwinda na lile la malisho zamani lilikuwa moja. Mistari hiyo ni yake, na aliitafuta mwenyewe kwa sababu hakukubali kunyamazishwa na kalamu ya mwalimu.